Mguu wa Klachi

Vioo sita vilikuwa vimeshafungwa kwenye fremu ya mbao nyuma ya pikapu, vimeegemeana kama watu waliochoka, mwenye duka alipotoka nje na karatasi mkononi. Saa kumi na mbili kasoro. Jua lilikuwa limeshalala juu ya mabati ya upande wa pili wa barabara.

"Taratibu, nisamehe," akasema. "Hii ndiyo ya mwisho. Mteja mwenyewe yupo, atakuonyesha njia. Ukitoka huko nenda moja kwa moja nyumbani."

Siku hiyo "ya mwisho" Taratibu alikuwa ameshaisikia mara tatu. Alifungua mlango, akajivuta kwenye kiti, akalipapasa goti lake la kushoto kama mtu anayembembeleza mtoto asilie mbele ya wageni.

Jina lake halisi lilibaki kwenye leseni tu. Hata mama mkwe wake alimwita Taratibu. Alikuwa amebeba vioo kwa miaka kumi na tisa, kwenye barabara zenye mashimo ya kulaza mbuzi, na katika miaka yote hiyo hakuwa amevunja hata kimoja. Watu walidhani siri iko mikononi. Siri ilikuwa kwenye mguu wa klachi.

Pedeli ya pikapu ile ilikuwa nzito. Ukiikanyaga, mwanzo unakutana na utupu kidogo, kisha uzito wa springi unakujia chini ya unyayo. Ukianza kuiachia, kuna mahali pamoja pembamba, upana wa ukucha tu, ambapo injini inayashika magurudumu. Hapo ndipo madereva wengine huvunjia vioo. Taratibu alipafahamu mahali hapo kama anavyoifahamu swichi ya taa ya chumbani kwake. Akifika hapo mguu wake ulitulia, ukasikiliza, kisha ukaachia kidogo kidogo, na gari likaondoka bila abiria kujua limeondoka saa ngapi.

Lakini kuzijua klachi hakukufanyi usichoke. Tangu alfajiri alikuwa amekanyaga na kuachia, amekanyaga na kuachia. Goti lilikuwa linawaka moto.

Mteja alikuwa mwanamke mwenye mtandio wa kijivu. Umri wake haukukadirika. Aliingia, akafunga mlango bila kishindo, akaelekeza kidole mbele. Safari ikaanza.

Aliingia na harufu. Mwanzo ilikuwa ya kokoto zilizolowa mvua. Kisha, chini yake, ikaja nyingine... harufu kali, kama nywele zinazoungua. Kila dereva anaijua. Ni klachi inayoteketea.

Taratibu akainusa, akasikiliza injini. Gari lake lilikuwa zima.

Wakafika kilima cha machimbo, mahali ambapo lami inapanda ghafla kama ngazi. Katikati ya kilima lori lilikuwa limesimama mbele yao. Ikabidi naye asimame, pua ya gari ikitazama mbinguni na vioo sita vikiwa vimelalia kamba. Lori lilipoondoka, Taratibu akaitafuta ile sehemu nyembamba, akaipata, akashusha hendibreki. Pikapu ikapanda. Kioo hakikugusa kioo.

Yule mama hakuwa anatazama barabara. Alikuwa anautazama mguu wake.

"Mguu wako una adabu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea kando ya kitanda cha mgonjwa.

"Mazoea tu, mama."

"Mume wangu hakuwa nao. Alikuwa na haraka." Akauelekezea mguu kidole. "Umechoka?"

"Huu?" Taratibu akacheka, akaligonga goti. Ulikuwa utani wa madereva, ule wanaotaniana wakisubiri mizigo. "Huu umechoka tangu mwaka juzi. Ukiuhitaji uchukue tu, mama, angalau nipumzike."

Yule mama hakucheka.

"Asante," akasema. "Sitakaa nao sana."

Nyumba ilikuwa ya mwisho kabisa, ng'ambo ya kilima. Kuta za matofali, madirisha matupu. Uani kulikuwa na mzoga wa pikapu ya zamani uliopandishwa juu ya mawe, hauna magurudumu, boneti wazi, na pale injini ilipokaa zamani palikuwa pamejaa majani. Walishusha vioo wawili tu, yeye na mwanamke yule. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na ilikuwa na nguvu. Walipomaliza aliingia ndani bila kuaga.

Taratibu akarudi garini, akawasha, akakanyaga klachi ili aondoke.

Haikuwa na uzito.

Mguu ulishuka kama unavyoshuka kwenye maji. Akaachia, akakanyaga tena. Hakuna springi, hakuna ile sehemu nyembamba, hakuna kitu. Lakini gia iliingia, na gari likaondoka. Kwa kuwa alikuwa hoi, na kwa kuwa goti halikumuuma kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, hakujiuliza. Alifika nyumbani akalala na viatu.

*

Asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala.

Siku ya pili vilevile. Ya tatu, alisimama kuvaa suruali, mguu wa kushoto ukamtoka, akaanguka juu ya kikapu cha nguo. Akikanyaga sakafu aliihisi sakafu. Nesi wa zahanati alimchoma sindano kwenye kidole gumba cha mguu, naye akaruka na kupiga kelele. Kila kitu mguu ulikihisi, isipokuwa pedeli ya klachi. Hiyo ilikuwa hewa.

Alimpelekea gari rafiki yake, fundi mzee aliyeitwa Sikio kwa sababu alizoea kulaza sikio juu ya boneti kabla ya kushika spana. Fundi akaingia, akakanyaga mara tano, akiwa amefumba macho.

"Nzito kama siku zote," akasema. "Inashika pale pale. Ndugu yangu, klachi hii ni nzima kuliko wewe."

"Mimi sisikii kitu, Sikio."

"Umelala lini?"

"Ninalala kila siku. Ninalala kama gogo."

Fundi akamtazama machoni, akashuka garini. "Basi hilo gogo halilali," akasema.

Siku ya tano alivunja kioo. Hakikuwa kikubwa, kilikuwa cha kabati tu. Aliachia klachi mbele ya duka, mahali alipowahi kuachia mara elfu, na pikapu ikaruka kama chura. Kishindo kile... Wafanyakazi wote walitoka nje. Hakuna aliyesema neno, na hilo ndilo lililomuumiza. Mwenye duka mwenyewe alichukua ufagio.

Siku ya nane vilivunjika vitatu kwa mpigo. Mwenye duka akamketisha kwenye kiti cha ofisini, akamwambia kwa upole apumzike nyumbani kwanza, wataongea. Taratibu alikuwa ametumika vya kutosha kujua "tutaongea" ina maana gani.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, mke wake alimwekea chai mezani na hakuondoka. Alikuwa fundi cherehani, wa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Maisha yake yote na yeye alikuwa mtu wa pedeli.

"Mume wangu," akasema polepole. "Usiku unaendesha kwenda wapi?"

"Naendesha nini?"

"Mguu wako huu." Akaugusa kwa kidole kimoja, akaurudisha mkono haraka. "Unakanyaga. Usiku kucha. Mwanzo nilidhani ni ndoto. Lakini mimi najua mwendo wa mguu. Unakanyaga, unaachia polepole. Unakanyaga, unaachia. Halafu mwendo unakuwa mzito, kama unapanda mahali. Halafu unasimama."

"Mama watoto..."

"Subiri nimalize, nisije nikashindwa." Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Ukisimama... godoro linashuka. Huku miguuni. Kama mtu amekaa."

Taratibu akautazama mguu wake.

"Unaendelea na safari. Unateremka. Unasimama tena. Unasema kwa usingizi, 'Shuka taratibu.' Na godoro linainuka."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku uliyolala na viatu. Nimehesabu. Kila usiku ni mmoja. Jana alikuwa wa tisa."

Nje jogoo aliwika. Wote wawili walishtuka.

*

Hakumwambia mkewe anakokwenda. Alishinda amelala, jioni akavaa viatu, akatembea hadi kilimani akiuvuta mguu wa kushoto kama mzigo wa mtu mwingine. Alifika jua likiwa linazama.

Vioo vyake sita vilikuwa pale pale alipoviacha, vimeegemezwa ukutani. Hakuna kilichopachikwa. Alibisha hodi. Kimya. Akabisha tena, akachungulia. Ndani hamkuwa na kiti, hamkuwa na jiko, hamkuwa na mkeka. Vumbi la sakafuni halikuwa na alama ya unyayo hata mmoja.

Akageuka kuondoka, na ndipo jicho lake lilipotua kwenye ule mzoga wa pikapu.

Mlango wa dereva ulikuwa wazi.

Siku ile ulikuwa umefungwa. Alikuwa na uhakika.

Alisogea. Kiti kilikuwa kimechanika, springi zimetokeza, usukani umeliwa na kutu. Kila kitu ndani mle kilikuwa na vumbi la miaka. Isipokuwa kitu kimoja. Mpira wa pedeli ya klachi ulikuwa unang'aa, umelainika, kama umekanyagwa leo asubuhi.

Akauweka mkono juu yake.

Ulikuwa na joto.

Mtu mwenye akili zake angekimbia, na Taratibu alijua hivyo. Lakini alikuwa na siku tisa hajaisikia klachi chini ya mguu wake, na uchovu una namna yake ya kumfanya mtu aache kuogopa. Akapanda. Akaketi. Akakanyaga.

Uzito ulimjia chini ya unyayo.

Ule ule. Utupu kidogo, kisha springi, na alipoachia kidogo, ile sehemu nyembamba, upana wa ukucha, ikimngoja. Gari halikuwa na injini. Halikuwa na giaboksi. Lakini klachi ilikuwa yake. Machozi yalimtoka bila kujijua, kama mtu aliyesikia ukumbini sauti ya ndugu aliyemzika.

Kisha ikaja harufu. Kokoto zilizolowa. Nywele zinazoungua.

Gari likainama nyuma. Mawe yakalia... krrr.

Mtu alikuwa amepanda.

"Usiachie," sauti ikanong'ona pembeni yake.

Hakugeuza shingo. Kwa pembe ya jicho aliuona mtandio wa kijivu.

"Nirudishie mguu wangu, mama," akasema.

"Nitakurudishia. Si nilikwambia sitakaa nao sana?" Hakukuwa na ukali katika sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama kwenye foleni siku nzima. "Bado wawili."

"Wawili akina nani?"

Nyuma ya kichwa chake, nje ya kioo kidogo cha nyuma, mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu aliyemeza vumbi. Kisha gari likainama tena. Mwingine.

Sasa kulikuwa na pumzi mbili nyuma yake. Alizisikia.

"Ukienda polepole watafika," mama akanong'ona. "Usiku wa leo na wa kesho. Kisha ulale, mwanangu."

Taratibu akafikiria mguu ukibaki humu. Akafikiria mke wake ameshika kikombe. Akafikiria kwamba kila anayekuomba kitu kidogo huwa anasema "hii ndiyo ya mwisho," na kwamba alikuwa amechoka, amechoka kufika mwisho wa mfupa. Akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka kumi na tisa.

Aliutoa mguu kwenye klachi kwa ghafla, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Mzoga ule usio na injini uliruka.

Uliruka mbele, ukatikisika, ukazima. Mawe yakaporomoka. Vioo sita ukutani vikapasuka vyote kwa pamoja. Nyuma, kitu kizito kikaanguka, kikaviringika kuelekea chini, kikaviringika, kikaviringika... mbali kuliko ua ule ulivyokuwa na nafasi.

Kisha sauti ya mwanamume. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na uchovu tu.

"Jamani... tena?"

Taratibu alikimbia. Alikimbia kwa miguu miwili.

*

Alfajiri alipokanyaga klachi dukani, uzito ulikuwepo. Goti likamuuma vibaya sana, naye akaketi pale akitabasamu kwa maumivu kama bwege, mwenye duka akimwangalia dirishani. Alirudishwa kazini siku ile ile. Mke wake alisema mguu umelala usiku kucha. Mambo yakawa kama yamekwisha.

Wiki ilipopita, alikwenda gereji kubadilisha oili, akamsimulia fundi. Alitegemea kuchekwa. Fundi Sikio aliweka spana chini, akajifuta mikono kwa tambara, muda mrefu, kidole kimoja kimoja.

"Kilima cha machimbo," akasema mwishowe. "Mimi nilikuwa bado kijana wa gereji. Kulikuwa na pikapu ikiwabeba wapasua kokoto jioni kuwarudisha makwao. Klachi ilikuwa imekwisha. Dereva alikuja kwetu mchana, tukamwambia, gari hili lisipande tena. Akasema ana haraka, ni safari moja tu, hii ndiyo ya mwisho. Katikati ya kilima klachi ikateleza. Pikapu ikaanza kurudi nyuma."

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja. Hakuna aliyefika."

Taratibu akaketi juu ya tairi.

"Mke wa yule dereva alikuwa akitoka kila jioni kusimama barabarani pale," fundi akaendelea. "Watu wakasema mchawi. Ndiye aliyewaloga, ndiyo maana haondoki. Wengine walimtupia mawe. Mimi sijui. Mimi nilimwona kama mtu anayengoja watu wafike, basi."

"Sasa yuko wapi?"

"Alihama. Au alikufa." Fundi akaokota spana. "Ni zamani mno, ndugu yangu. Ukinibana nitakudanganya."

Taratibu hakumbana. Aliliacha gari gereji, akarudi nyumbani kwa mguu. Njia nzima alikuwa akihesabu, ingawa hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi hata kwa mtoto. Kumi na mmoja, toa tisa.

Hakumsimulia mkewe sehemu ile. Aliacha kutania na wenzake pale kwenye foleni ya mizigo. Ilikuwa inamjia tu, akiwa anakula, akiwa anafunga kamba za vioo. Ile "tena?" Usiku mbili tu. Mguu wake ulikuwa umefanya kazi za bure nyingi kuliko hizo.

Kwa mwezi mzima alikikwepa kilima kile. Alizunguka njia ya ng'ambo, akachoma mafuta ya watu, akatunga visingizio. Hatimaye daraja la njia ile likafungwa kwa matengenezo, na jioni moja, akitoka kupeleka milango ya vioo, hakuwa na njia nyingine ya kurudia.

Gari lilikuwa tupu. Jua lilikuwa linazama. Hakukuwa na lori mbele wala nyuma.

Alipofika katikati ya kilima, pedeli ya klachi, ambayo hakuwa ameikanyaga, ikashuka chini yenyewe. Kidogo. Ikarudi juu. Ikashuka tena. Kama mtu anayegonga mlango kwa aibu.

Angeweza kukanyaga mafuta. Alilifikiria hilo. Kilele kilikuwa hatua mia mbili mbele.

Akakanyaga klachi. Akasimama. Akavuta hendibreki, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akatazama mbele.

"Pandeni," akanong'ona.

Springi za nyuma zikalia.

Pikapu ikainama. Ikatulia.

Ikainama tena.

Hakuangalia kioo. Aliitafuta ile sehemu nyembamba, akaipata, akaachia polepole kuliko alivyowahi kuachia mbele ya kioo chochote, na gari likapanda bila kutikisika. Likafika kileleni. Likateremka upande wa pili. Nyuma mtu alikohoa mara moja, kikohozi cha mtu anayeanza kujilegeza. Taratibu akajikuta analia, na mguu wake ulikuwa mwepesi, mwepesi, hauna uchovu hata chembe.

Chini ya kilima barabara inagawanyika mara tatu. Alisimama pale kwenye mgawanyiko, klachi chini, injini ikinguruma, akangoja mtu amwelekeze.

"Mnashukia wapi?" akauliza.

Hakuna aliyejibu.

Aliuliza tena. Giza lilikuwa linaingia. Nyuma, pumzi mbili, zimetulia, zinamwamini.

Na hakuna mtu aliyewahi kumwambia makwao ni wapi.